Wao Wanalipa Mamilioni Kuvaa Kama Sisi, Sisi Tunauza Ovaroli

Ndugu wafanyakazi wa viwandani na mashambani,

Safari hii mtanivumilia, maana naanza na habari za Paris. Najua wapo watakaosema, "Dada tulimtuma akatusemee juu ya mishahara, sasa anatuletea mitindo ya Ulaya." Nawaomba mngoje kidogo. Habari hii inaanzia Ulaya lakini inaishia kwetu, katika soko la Bwera, na ndani yake mimi mwenyewe nina kosa la kuungama.

Katika mkutano wa tawi uliopita, kabla ya ajenda kufunguliwa, kijana mmoja mpakiaji wa marobota alitoa simu yake akatuonyesha picha. Tuliona mwanamke mrefu, mwembamba, anatembea katika upepo wa theluji. Mkononi ameshika mfuko mweusi uliokazwa mdomo kwa kamba, kama kavera ya kutupia taka. Sote tulidhani ni mkimbizi. Mama mmoja, mchambuaji wa pamba, akasema, "Huyo ni mimi nikivuka daraja la Mpondwe na mzigo wangu." Tukacheka sana.

Kijana akasema, "Mama, hiyo si kavera. Ni ngozi ya ndama. Bei yake dola 1,790." Kicheko kikakatika.

Baada ya mkutano niliifuatilia habari hii, nikisaidiwa na vijana wanaosoma lugha za wenzetu, kwa kuwa mimi niliishia darasa la saba. Ni kweli tupu. Tarehe 6 Machi 2022, karibu na Paris, nyumba ya mavazi iitwayo Balenciaga ilionyesha nguo zake za msimu wa majani kupukutika na msimu wa baridi. Wenzetu huko huonyesha nguo za baridi mapema, miezi sita kabla, ili wenye maduka waagize na viwanda vishone. Walijenga uwanja wa duara wenye kuta za kioo, wakapuliza humo theluji ya kutengenezwa na upepo mkali, na wanamitindo wakapita wakipigwa na dhoruba hiyo. Wageni walikaa nyuma ya kioo, wakavu, wakitazama.

Nisiwe mtu wa kusema upande mmoja. Msanii aliyetunga mavazi hayo, Demna Gvasalia, hakuwa akiwadhihaki wakimbizi. Yeye mwenyewe ni mzaliwa wa Georgia, na mwaka 1993, akiwa bado mtoto, alikimbia vita pamoja na wazazi wake. Siku chache kabla ya maonyesho yale, tarehe 24 Februari 2022, jeshi la Urusi liliingia Ukraine, na yeye akasema maonyesho yake ni kwa ajili ya waliokimbia. Kadhalika Cristóbal Balenciaga, Mhispania aliyeanzisha nyumba hiyo na kufungua duka lake Paris mwaka 1937, alikuwa mtoto wa mvuvi, na mama yake alikuwa mshonaji. Kwa hiyo shina la mti huu ni watu kama sisi. Demna naye alihamia nyumba nyingine, Gucci, mwaka 2025. Mimi simshitaki mtu. Nataka tutazame jambo lenyewe.

Kwanza tupige hesabu. Dola 1,790 kwa fedha yetu ya mwaka ule ni zaidi ya shilingi milioni 6. Tuseme mfanyakazi anapata shilingi 200,000 kwa mwezi, na wengi wetu hatuzifikii. Itambidi afanye kazi zaidi ya miezi 30, asile, asilipe nyumba, asipeleke mtoto shule, ndipo anunue mfuko wenye sura ya kavera. Mwezi Mei mwaka huo huo nyumba hiyo ikatoa viatu vya turubai vilivyochanwa makusudi, vikapakwa uchafu, vikauzwa dola 1,850. Viatu kama hivyo mama zetu wanavikuta chini kabisa ya robota la mivumba, na wanavitupa, maana hapa Bwera hakuna mnunuzi wa kiatu kilichochanika.

Tena tuangalie pamba. Hapa Kasese tunaijua tangu mbegu. Mkulima anapanda, anapalilia, anapiga dawa, anachuma kwa mkono, mchuno baada ya mchuno. Katika jineri kilo tatu hivi za pamba mbegu zinatoa kilo moja ya pamba safi, nyingine ni mbegu. Kilo hiyo moja, hata ukitoa inayopotea kwenye mashine za kusokota na kufuma, inatosha fulana nne. Lakini sehemu kubwa kabisa ya pamba ya Uganda haisokotwi hapa. Inafungwa marobota, inapanda lori, inakwenda zake ng'ambo. Viwanda vikubwa vya kusokota na kufuma nchini mwetu unavihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Pamba inaondoka kwetu mpya, haijavaliwa na mtu, na inaturudia imekwisha kuvaliwa na wengine.

Nguo za baridi nazo zina safari yao. Sisi hatuna majira ya theluji. Tuna mvua mara mbili kwa mwaka, na theluji yetu tunaiona kwa mbali tu juu ya Rwenzori, ile ambayo Wakonzo wanaiita nzururu. Hata hivyo makoti ya baridi ya Ulaya tunayavaa. Msimu ukipita huko yanatolewa kabatini, yanapitia Mombasa, yanafika soko la Owino Kampala, kisha yanakuja Kasese na Bwera. Mlinzi wa usiku anavaa. Mama wa kahawa anayeshuka mlimani alfajiri katika ukungu anavaa. Sioni aibu kwa hilo, kwa kuwa baridi haiulizi koti limetoka wapi.

Mwaka 2022 huo huo Bobby Kolade, msanii wa mavazi aliyewahi kufanya kazi Paris, hata katika hiyo nyumba ya Balenciaga, alianza kazi yake Kampala kwa jina la Buzigahill. Ananunua mivumba ya Owino, anaikata, anaishona upya, kisha anaiuza kwa wale wale walioileta. Mkusanyo huo ameuita kwa maneno yenye maana ya "Rudisha kwa aliyetuma". Kazi hiyo naipenda. Inatuonyesha kwamba mitindo si adui yetu, na kwamba mkono wa fundi wa Uganda una thamani ukipewa nafasi.

Sasa nifike kwenye shabaha yangu. Nilipochunguza nguo hizi za matajiri niliona jambo moja linajirudia: wanapenda sana kuvaa mavazi ya kazi. Chukua jinzi. Leo kila kijana anaitaka, na ipo ya bei ya ng'ombe. Lakini mwaka 1873 kule Marekani fundi cherehani Jacob Davis, pamoja na mfanyabiashara Levi Strauss, walipata hati ya kutengeneza suruali zilizopigwa misumari midogo ya shaba mahali panapochanika. Walizitengeneza kwa ajili ya vibarua na wachimba migodi. Wazee wetu waliofanya kazi Kilembe wanajua mfuko wa suruali unavyochanika kwa uzito wa mawe.

Chukua tena fulana ya manjano ya wapeleka mizigo wa kampuni ya DHL. Mwaka 2015 huyo huyo Demna, akiwa na nyumba nyingine iitwayo Vetements, aliipandisha fulana hiyo kwenye jukwaa la Paris. Ikauzwa takriban pauni 185 za Uingereza. Mpeleka mizigo anapewa yake bure akatoe jasho ndani yake, na mtu asiyebeba hata barua moja anainunua kwa pauni 185 apige nayo picha.

Kwa nini wanafanya hivyo? Maoni yangu ni haya. Mtu aliyechoka na hariri anatafuta nguo yenye ukweli ndani yake. Nguo ya kazi ina ukweli. Kila mfuko una sababu, kila mshono mara mbili una sababu. Tajiri anataka sura ya kazi, ila kazi yenyewe haitaki. Basi anainunua sura peke yake kwa mamilioni.

Na sisi tunaoifanya kazi yenyewe, vazi hilo tunalithamini kiasi gani? Hapa ndipo ninapoungama.

Nilianza kazi ya jineri nikiwa msichana, kibarua wa msimu. Kiwanda sikitaji. Msimu wa pili tulipewa kila mtu ovaroli moja, buti za mpira, glavu na barakoa za kuzuia vumbi. Nilizivaa wiki tatu. Mwanangu akafukuzwa shule kwa ada. Nikaikunja ovaroli na buti, nikazipeleka sokoni siku ya soko, nikamwuzia mkulima mmoja. Alifurahi, mimi nikafurahi, mtoto akarudi shule. Sikuwa peke yangu. Karibu nusu ya wanawake wa zamu yetu waliuza, na wanaume walizipeleka nyumbani zikapalilie mihogo.

Msimu uliofuata hatukupewa kitu. Tulipouliza, msimamizi alitujibu mbele ya wote, "Mlipewa mkauza. Kampuni haifungui duka la mivumba." Tulinyamaza. Ungejibu nini? Nilifanya kazi msimu mzima nimejifunga leso puani. Vumbi la pamba lilikuwa hewani kama ukungu wa asubuhi, na leso haizuii vumbi lile. Ikawa kila Jumatatu, baada ya mapumziko ya Jumapili, kifua kinabana, pumzi fupi, kikohozi kikavu. Siku zikisonga kinapungua kidogo, Jumatatu nyingine kinarudi. Nilidhani ni mafua, au ni maneno ya watu.

Baadaye, katika semina ya chama, nilijifunza kwamba hali ile inajulikana duniani kote penye pamba. Ni ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi la pamba, na dalili yake ya mwanzo ni hiyo ya kifua kubana siku ya kurudi kazini. Mtu akiendelea kulivuta vumbi miaka mingi, kifua hubana siku zote, na mapafu yakiharibika hivyo hayarudi yalivyokuwa. Uingereza ilianza kuwalipa fidia wafanyakazi wa pamba kwa ugonjwa huo miaka ya 1940. Marekani iliweka kanuni ya kupima na kupunguza vumbi la pamba viwandani mwaka 1978. Wenzetu waliotutangulia kwenye mashine walikohoa, wakaungana, wakadai, ndipo sheria ikaja.

Basi nikaielewa hesabu ya ovaroli yangu. Nilidhani nimeuza nguo. Kumbe nilikuwa nimeuza pumzi yangu, na pamoja nayo nikauza neno la kumjibu msimamizi. Yule tajiri wa Paris analipa milioni 6 aonekane kama mtu wa kazi. Mimi mtu wa kazi niliuza vazi la kazi kwa bei ya ada ya muhula mmoja.

Ndugu zangu, sheria iko upande wetu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi mavazi na vifaa vya kumkinga na hatari ya kazi yake, tena bila malipo. Kukata mshahara wako kwa ajili ya buti ni kuvunja sheria. Mtu anayepulizia dawa shambani naye anastahili kinga, sawa na mtu wa jineri. Sheria haisemi kwamba kibarua wa msimu ana mapafu ya namna nyingine.

Lakini sheria peke yake haitembei. Tarehe 24 Aprili 2013, kule Bangladesh, jengo la Rana Plaza lenye viwanda vya nguo liliporomoka. Watu 1,134 walikufa. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku moja kabla, na wafanyakazi waliogopa kuingia, lakini waliambiwa waingie kwa sababu nguo za ng'ambo zilikuwa zinangojwa. Sheria za kazi zilikuwapo Bangladesh. Kilichokosekana ni nguvu ya kumwambia msimamizi, "Hatuingii." Mwezi uliofuata vyama vya wafanyakazi vya kimataifa vilitia sahihi mapatano na makampuni yanayonunua nguo, mapatano yenye kufunga, ili majengo yakaguliwe na kurekebishwa. Karatasi ile ilipatikana baada ya maiti. Sisi tutafute ya kwetu kabla.

Najua mtakavyonipinga, kwa maana nimeyasikia yote.

Wapo wanaosema barakoa inachoma kwa joto la Kasese. Ni kweli, inachoma. Basi tudai hewa ipite, mashine za kufyonza vumbi zifanye kazi, na mapumziko ya kutoka nje kuvuta pumzi. Joto lisiwe sababu ya kuivua barakoa na kunyamaza.

Wapo wanaosema, "Dada, njaa haina ovaroli. Mtoto akifukuzwa shule nitafanyaje?" Hao siwezi kuwahukumu, maana mimi ni wao. Mshahara mdogo ndio unaofungua mlango wa kuuza. Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa Uganda mwaka 1984 ni shilingi 6,000 kwa mwezi, na Bunge lilipopitisha muswada mpya mwaka 2019, Rais hakuutia sahihi. Vita vya mshahara vinaendelea na hatutaviacha. Lakini tukiuza vifaa vya kinga tunampa mwajiri sababu mbili kwa bei ya moja: halipi mshahara wa kutosha, na vifaa hanunui tena. Ada ya mtoto tuitafutie njia nyingine. Mfuko wa kukopeshana wa tawi upo. Mwenye shida aje kwa katibu kabla hajaenda sokoni.

Na wapo wanaosema ovaroli ni ya aibu, inamfanya mtu aonekane kibarua. Kijana wa namna hiyo anatoka nyumbani na suruali ya kubana, anaipaka pamba na grisi siku nzima, na ovaroli ameiacha nyumbani. Huyo namwambia aitazame tena ile picha kwenye simu. Unachokionea aibu wewe, wenye fedha wanakipigania Paris.

Kwa hiyo napendekeza tawi letu liingie msimu huu wa pamba na madai yafuatayo. Kila mfanyakazi, wa kudumu na wa msimu, apewe ovaroli mbili, moja ikifuliwa nyingine ivaliwe. Barakoa za kuzuia vumbi hasa, zibadilishwe zikichakaa. Glavu na buti kwa kila kazi inayozihitaji. Vifaa vyote viandikwe katika mapatano kati ya chama na mwajiri, pamoja na tarehe ya kutolewa, pasiwepo maneno ya "tutaangalia." Na vipimo vya kifua mwanzo na mwisho wa msimu, ili mtu asije akaambiwa kikohozi alikuja nacho kutoka nyumbani.

Kwa upande wetu nasi tuahidi. Kila kifaa kiandikwe jina na namba ya mwenye nacho, na daftari likae kwa mwakilishi wetu. Atakayeuza aitwe na wenzake, asiachiwe msimamizi amwite. Msimamizi akisema tena, "Mlipewa mkauza," tumfungulie daftari asome mwenyewe.

Ovaroli mpya nitakayopewa msimu huu sitaiuza. Nimekwisha kuishonea jina langu kifuani kwa uzi mwekundu, kwenye karatasi kwanza, kuona litakavyokaa. Ambaye hana sindano aje kwangu.

Mkutano wa madai utatangazwa na tawi. Njooni nyote, hata mnaokohoa.